Nyumba Mpya Kwenye Baridi Kali: Jinsi ya Kukata Madaraja ya Joto Kabla Jipsamu Haijapigwa

Kila msimu wa baridi ukianza, maswali huwa yale yale. "Nyumba ni mpya, mbona kona ya chumba cha watoto inaota ukungu?" "Mbona ukutani imetokea mistari ya kijivu iliyonyooka toka juu hadi chini?" "Kontrakta aliniambia ukuta ni R-21, mbona bili ya gesi iko hivi?" (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite; ikiwa kubwa ni bora zaidi.) Wanaouliza ni watu wetu wanaojengewa nyumba huku Minnesota, kuanzia Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis hadi Duluth kaskazini. Mara nyingi wanauliza wakati kuta zimeshafungwa na rangi imeshapakwa, na hapo suluhisho nyingi ni za kuvunja.

Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa nyumba ya mbao yenye besmenti (chumba cha chini ya ardhi) au slabu (sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi), ile inayojengwa sana sehemu hizi. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kujua uulize nini, lini, na uangalie wapi. Kama unajenga Limuru au Makete, ambako baridi ipo lakini nyumba hazipashwi joto mchana na usiku, sehemu kubwa ya haya haitakurudishia pesa yako. Wewe anza na kuziba upepo.

Nadharia kidogo tu

Daraja la joto ni mahali ambapo mbao, zege au chuma kimepita kutoka ndani hadi nje bila insulesheni, yaani nyenzo ya kuzuia joto lisipite, kukikata. Joto hufuata njia hiyo. Mbao ina R ya karibu 1.25 kwa inchi. Ubao wa 2x6 una upana halisi wa inchi 5.5, kwa hiyo pale uliposimama una kama R-7, huku pamba ya fiberglasi pembeni yake ikiwa R-21. Na mbao si chache: ukihesabu kona, linta, mbao za kulala juu na chini na zile za kuzunguka madirisha, hula karibu robo ya ukuta wa kawaida.

Piga hesabu pamoja na OSB (mbao za vipande vilivyogandishwa, zinazopigwa juu ya mbao za ukuta kwa nje), jipsamu na saidingi (vazi la nje kabisa la ukuta). Palipo na pamba unapata kama R-23, lakini ukuta mzima unabaki na kama R-17. Sasa angalia hesabu ninayotaka ukae nayo. Ukimlipa kontrakta abadilishe pamba ya R-21 kwa ya R-23, ukuta mzima unaongezeka chini ya R-1. Ukimlipa aweke inchi moja ya shiti za povu la XPS (R-5) upande wa nje, juu ya mbao zote, ukuta unafika karibu R-23, yaani nyongeza ya karibu 6. Kontrakta wengi watakuuzia ile ya kwanza kwa sababu haiwabadilishii kazi. Wewe omba ya pili.

Chuma ni balaa zaidi. Ukuta wa nguzo za chuma za inchi 6 zilizosimama kila inchi 16, wenye pamba ya R-21, hushuka hadi kama R-7 au 8. Ukiona chuma kwenye ramani ya kuta za nje, uliza kwa nini kipo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani kamili, hasa michoro ya mkato inayoonyesha ukuta kuanzia msingi hadi paa. Picha ya mbele ya nyumba haikusaidii hapa.
- Kalamu nyekundu.
- Kanda yako ya hali ya hewa kwa mujibu wa kanuni za ujenzi. Kusini mwa Minnesota ni kanda ya 6, kaskazini pamoja na Duluth ni ya 7. Inspekta wa jiji lako atakwambia.
- Mkataba ambao bado haujasainiwa. Ukishasaini, kila badiliko litaandikwa kuwa kazi ya nyongeza, na bei ya nyongeza haina huruma.
- Kipima unyevu wa hewa cha bei ndogo. Utakihitaji ukishahamia.
- Kamera ya joto. Usinunue. Kodi au azima kwa siku moja.

Hatua ya 1: Pitisha kalamu

Chukua mchoro wa mkato. Weka kalamu kwenye insulesheni ya chini ya slabu, panda nayo ukutani, pita darini, shuka upande wa pili mpaka urudi ulipoanzia. Sharti ni moja: kalamu isitoke ndani ya insulesheni. Kila mahali unapolazimika kuinyanyua au kuvuka zege, mbao nzima au chuma, chora duara. Hayo ndiyo madaraja yako.

Kwa kawaida maduara huangukia sehemu hizi: ukingo wa slabu, ukingo wa sakafu juu ya msingi, linta za madirisha, kona, sakafu inayochomoza nje, mahali paa linapokutana na ukuta, na sakafu ya chumba kilicho juu ya gereji. Mpelekee kontrakta mchoro wenye maduara na umwombe aandike kando ya kila duara atafanya nini. Kontrakta mzuri atafurahi. Akikujibu "huwa tunafanya hivi miaka yote", hajajibu.

Hatua ya 2: Punguza mbao zisizobeba kitu

Omba ukuta wa 2x6 wenye mbao za kusimama kila inchi 24 badala ya 16. Omba kona ya mbao mbili, ili pamba iingie mpaka kwenye kona yenyewe. Kona ya kizamani ya mbao tatu au nne ni nguzo ya mbao tupu, na ndiyo hiyo inayoota ukungu nyuma ya kabati. Pale ukuta wa ndani unapogonga ukuta wa nje, mbao fupi za kulala zinatosha kuushika na insulesheni inapita nyuma yake. Linta iwekwe pale tu ukuta unapobeba mzigo, ikiwa na povu ndani yake au upande wake wa nje.

Onyo: usiwaambie mafundi wapunguze mbao kwa maneno tu wakiwa kazini. Mpangilio huu uchorwe, uidhinishwe na mhandisi na uwe kwenye kibali. Mbao iliyotolewa kiholela chini ya kenchi si akiba.

Hatua ya 3: Ivalishe nyumba povu kwa nje

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Chagua nyenzo kwanza. XPS ina R-5 kwa inchi, EPS (povu jingine la shiti) karibu R-4, na shiti za pamba ya mawe nazo karibu R-4. Poliaiso, nayo ni povu la shiti, huandikwa R-6, lakini nguvu yake hupungua baridi inapozidi, na baridi ndiyo sababu ya wewe kuinunua. Mimi kwa huku hupendelea pamba ya mawe au EPS. Pamba ya mawe hupitisha mvuke na haishiki moto, ingawa ni nzito na mafundi huilalamikia.

Unene si suala la kubana matumizi peke yake. Povu jembamba nje linaweza kuacha OSB ikiwa baridi kiasi kwamba mvuke wa ndani unagandia juu yake. Kanuni ya ujenzi wa makazi ya IRC ina jedwali la hili: kama ukuta ni wa 2x6 na kizuizi chako cha mvuke upande wa ndani ni rangi ya kawaida tu, kanda ya 6 inataka angalau R-11.25 nje, na kanda ya 7 inataka R-15. Ukiweka pungufu ya hapo, unahitaji kizuizi cha mvuke chenye nguvu zaidi ndani.

Hapo ndipo kosa kubwa huzaliwa. Fundi anaweka povu nje, halafu kwa mazoea anapiga nailoni nzito ndani. Sasa ukuta umefungwa pande zote mbili, na maji yakiingia kupitia dirisha bovu hayana pa kukaukia. Omba karatasi ya mvuke ile inayojirekebisha, inayobana wakati wa baridi na kuachia wakati wa joto. Ina bei zaidi ya nailoni, lakini OSB iliyooza ina bei zaidi ya zote mbili.

Kazi yenyewe inaenda hivi:

a) Kitambaa au tepu ya kuzuia maji na upepo ikamilike juu ya OSB kabla shiti hata moja haijapigwa.

b) Shiti zipangwe kwa kupishana viungo, kama tofali. Kama ni tabaka mbili, viungo vya juu visiangukie juu ya vya chini.

c) Kila kiungo kipigwe tepu. Nyufa zijazwe povu la kopo. Ufa wa kidole kimoja unaopeleka hewa baridi nyuma ya shiti unakula faida ya shiti nzima.

d) Juu yake zije fito za 1x4 za kusimama, zikishikwa na skrubu ndefu zinazopenya povu mpaka kwenye mbao za kusimama. Simama pale ufundi unapoanza, uangalie skrubu zinaingia wapi. Ukisikia inazunguka bure bila kukaza, imekosa mbao na imeshika OSB tu. Itolewe na tundu lizibwe.

e) Saidingi ipigwe kwenye fito. Nafasi iliyobaki nyuma yake itatoa maji na kukausha ukuta.

Skrubu ni chuma na zinavuka povu, ndiyo, lakini hasara yake ni ndogo. Usikubali reli ndefu za chuma zinazokaa moja kwa moja kwenye ukuta na kukata povu kutoka juu hadi chini. Hizo zinakurudishia daraja ulilolipa kuliondoa.

Hatua ya 4: Msingi, slabu na ukingo wa sakafu

Watu hufikiri zege nene linazuia baridi. Ukuta wa zege wa inchi 8 hauna hata R-1. Huku msingi unashuka chini kukimbia ardhi inayoganda, inchi 42 kusini mwa jimbo na 60 kaskazini, na kimo chote hicho cha zege kinatoa joto la nyumba yako kama hakijavikwa.

Kwa slabu, weka XPS ya inchi 2 (R-10) wima kwenye ukingo wake wote, ishuke futi 4, au ishuke kidogo kisha ilale mpaka jumla itimie hiyo. Chini ya slabu weka inchi 2 nyingine, nailoni juu yake, kisha zege. Fundi akikwambia povu litabonyea, mwonyeshe kipimo cha mzigo kilichochapwa kwenye shiti. Mahali slabu inapokutana na ukuta wa msingi, povu la katikati likatwe mshazari kwa juu ili umaliziaji wa sakafu ulifunike. Mafundi hupenda kuliacha hilo kwa sababu linasumbua kupigia misumari ya zulia, na ndilo linalofanya sakafu ya sebule iwe baridi kwenye ukingo.

Povu linalobaki wazi juu ya ardhi lifunikwe kwa plasta ya saruji au bati. Jua hulila.

Sasa ukingo wa sakafu, ule ubao unaozunguka nyumba juu ya msingi, unaoziba ncha za mbao za sakafu. Nenda besmenti utazame juu. Ukiona pamba imesokomezwa tu katikati ya mbao, kataa. Hewa ya ndani yenye unyevu hupenya pamba, hugusa ubao baridi, huganda, halafu joto likirudi inadondoka. Hapo panataka povu la kupuliza, au vipande vya shiti vilivyokatwa kwa kipimo na kuzibwa pande zote nne kwa povu la kopo. Kama povu la nje la ukuta limeshuka mpaka likafunika ubao huu na kuungana na la msingi, una bahati ya kuwa na kontrakta anayejua kazi.

Hatua ya 5: Vinavyochomoza nje

Sakafu inayochomoza nje ya ukuta wa chini, kama dirisha kubwa la sebule au chumba kilichozidi futi mbili, ijazwe insulesheni yote bila nafasi, ifungwe kwa povu chini, na izibwe juu ya ukuta inapoanzia. Deki isimame kwa nguzo zake yenyewe badala ya mbao za sakafu ya ndani kurefushwa kwenda nje. Balkoni ya zege iliyomwagwa pamoja na slabu ya ndani uikatae kabisa, isipokuwa kama wameweka kikato maalumu cha insulesheni kwenye ungio.

Hatua ya 6: Paa

Agiza kenchi zenye kisigino kirefu. Kenchi ya kawaida hubana pale inapokalia ukuta, na insulesheni inabaki inchi chache pale pale unapoihitaji. Ukitaka R-49 darini kwa selulosi (insulesheni ya nyuzi za karatasi), ni kama inchi 14, na unataka inchi hizo hizo mpaka juu ya ukuta wa nje, pamoja na njia ya hewa juu yake. Hili huagizwa kiwandani. Kenchi zikishafika kwa lori, mjadala umekwisha.

Mlango wa darini upewe povu na raba ya kuziba.

Hatua ya 7: Madirisha

Fremu ya alumini isiyo na kikato cha kuzuia joto ndani yake usiiguse. Vinyili, fiberglasi na mbao ni sawa. Dirisha likae usawa wa insulesheni, na nafasi inayolizunguka ijazwe povu lile lisilovimba sana. Povu la kawaida hupinda fremu, kisha dirisha halifungi, na utalaumu kiwanda bure.

Hatua ya 8: Ukaguzi kabla ya jipsamu

Andika kwenye mkataba kwamba utaarifiwa kabla jipsamu haijapigwa. Siku hiyo nenda mchana, na tochi. Piga picha kila ukuta, kila kona, kila ukingo. Tafuta pamba iliyobanwa nyuma ya waya na mabomba, maana pamba iliyobanwa haina R iliyoandikwa kwenye kifurushi. Tafuta mwanga wa jua unaopenya. Baadaye, kwenye kipimo cha feni ya mlangoni ambacho hupima uvujaji wa hewa, omba uwepo. Feni ikiwa inavuta, pitisha kiganja kwenye soketi na chini ya kuta. Utajua zaidi kwa nusu saa hiyo kuliko kwa kurasa zote za ramani.

Ukishahamia: dalili na maana yake

*Mistari ya kijivu ukutani.* Vumbi hushika zaidi pale ukuta ulipo baridi na wenye unyevu kidogo, na hapo ni kwenye mbao za kusimama. Ukipaka rangi itarudi. Punguza unyevu, na upunguze pia kuwasha mishumaa inayotoa masizi. Dawa ya kudumu ni povu la nje siku ya kubadilisha saidingi.

*Ukungu kwenye kona au nyuma ya kabati.* Hewa ya nyuzi 21 za Selsiasi (kama 70 za Farenhaiti) yenye unyevu wa asilimia 40 hutoa umande kwenye kitu chochote cha nyuzi 7 au chini, na ukungu hauhitaji hata kungoja umande: ukuta wa karibu nyuzi 10 unatosha. Sogeza kabati mbali na ukuta wa nje, hewa ipite. Angalia kipima unyevu. Kama unachemsha githeri au maharage kwa saa tatu na feni ya jikoni imezimwa, au feni yenyewe inarudisha mvuke humo humo ndani, usianze na kulaumu ukuta. Wakati wa baridi kali teremsha unyevu karibu asilimia 30.

*Kioo kinatoa jasho chini.* Kidogo asubuhi ya baridi kali ni kawaida. Likitiririka kila siku, ni unyevu au mapazia mazito yanayozuia joto lisifike kwenye kioo.

*Barafu nene ukingoni mwa paa.* Joto linatoroka darini, theluji inayeyuka juu na kuganda kwenye ukingo. Ziba matundu ya taa na mabomba darini kwanza, ndipo uongeze insulesheni. Ukianza na insulesheni utakuwa umefukia matundu.

*Sakafu baridi karibu na ukuta.* Angalia ukingo wa sakafu au wa slabu, Hatua ya 4. Ukingo wa besmenti unaweza kurekebishwa baadaye bila kuvunja. Wa slabu unahitaji kuchimba kwa nje.

*Kamera ya joto haionyeshi kitu.* Umeitumia siku isiyo na baridi ya kutosha, au jua limeshapiga ukuta. Tofauti ya ndani na nje iwe angalau nyuzi 10 za Selsiasi, na upige alfajiri.

Sheria ya Minnesota inaipa nyumba mpya dhamana ya mwaka 1 kwa ufundi mbovu na vifaa vibovu vinavyokiuka kanuni za ujenzi, miaka 2 kwa mabomba, umeme na mitambo ya kupasha joto, na 10 kwa kasoro kubwa za muundo. Insulesheni iliyosahauliwa huangukia ule mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kamera ikodiwe Januari ya kwanza, na barua kwa kontrakta, yenye picha za kamera pamoja na zile ulizopiga kabla ya jipsamu, imfikie kwa maandishi kabla miezi 12 haijaisha.